Shilingi ishirini zilitoka wapi?

Najua nimepotea kwa muda. Kazi zimenibana, na isitoshe kulikuwa na jambo lililonikaa moyoni ambalo sikujua nianze vipi kuliandika. Leo nimeamua kulitoa. Linahusu lahajedwali, linahusu safu moja iliyokuwa na orodha ndani yake, na linahusu mama mmoja muuza mahamri ambaye kwa sababu yangu alisomwa mbele ya watu kuwa ni mdeni, ilhali hakuwa na deni la hata senti moja.

Kwa wale wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwandishi wa programu, nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na kazini nashinda nikigeuza majedwali ya watu kutoka umbo moja hadi jingine. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nataka tu mjue mapema kwamba aliyekosea hapa hakuwa mwanagenzi.

Hadithi yenyewe ni hii.

Mama yangu yumo katika chama cha akina mama huko Voi. Wako 24. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 500. Mwaka wa 2023 ulikuwa na Jumamosi 52, kwa hivyo kila mama alitakiwa kufikisha 26,000 na chama kizima 624,000. Mweka hazina ni shangazi yangu, mwanamke wa daftari kubwa lenye jalada gumu na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Kanuni zao ni chache lakini kali: mwenye malimbikizo hapewi mkopo, hata alie machozi ya damu.

Mwaka huo binamu yangu, binti wa shangazi, alikuwa amemaliza kidato cha nne na akapewa kazi ya ukatibu. Akaanza kuhamisha mambo kutoka kwenye daftari hadi Excel. Alipanga vizuri tu: mstari mmoja kwa kila mama kwa kila mwezi, na safu ya mwisho akaiita Malipo. Lakini mwezi una Jumamosi nne au tano, na watu hawalipi kwa namna moja. Kuna anayeleta 500 kila wiki, kuna anayelipa ya mwezi mzima kwa mpigo, na kuna anayetuma kwa M-Pesa siku biashara ikimnyookea. Binamu yangu akaona njia rahisi ni kuyaweka malipo yote ya mwezi katika kisanduku kimoja, akiyatenganisha kwa koma. Hivi:

500, 500, 500, 500

Kwa jicho la binadamu hakuna tatizo hapo. Hata mtoto ataona ni malipo manne. Lakini kwa tarakilishi hicho ni kisanduku kimoja chenye kitu kimoja. Mwaka wa 1970 Edgar Codd aliandika makala iliyozaa hifadhidata tunazotumia hadi leo, na moja ya mambo aliyoyataka ni kwamba kila kisanduku kiwe na thamani moja tu, si orodha. Chuoni tulilikariri hilo tukapita mtihani. Duniani, watu wanajaza orodha kwenye visanduku kila siku, kwa sababu hivyo ndivyo mkono unavyoandika.

Desemba ikafika. Shangazi akanipigia simu Nairobi. "Mwanangu, wewe si ndiye msomi wa hizi mashine? Tutolee hesabu ya mwaka, na orodha ya wenye madeni, tuisome kwenye mkutano wa kwanza wa Januari." Nikamwambia shangazi, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Nilitumia Python na maktaba ya pandas. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: soma faili, kata kila kisanduku kwenye koma ili nipate orodha, geuza kila kipande kuwa nambari, jumlisha.

Kasoro ya kwanza ilijionyesha yenyewe mara tu pandas iliposoma faili, kabla sijakata chochote. Mama mmoja alikuwa amechangia zaidi ya shilingi bilioni 500! Nilicheka peke yangu. Kumbe mwezi Januari, kabla binamu yangu hajazoea, aliandika 500,500,500,500 bila nafasi baada ya koma. Excel ikaona hiyo ni nambari moja yenye koma za kutenga maelfu: bilioni mia tano, milioni mia tano, elfu mia tano na mia tano. Yeye mwenyewe aliona kitu hakiko sawa, ndiyo maana baadaye akaanza kuacha nafasi, lakini kile kisanduku cha Januari hakukirudia. Nikakirekebisha kwa mkono.

Kasoro ya pili ilinigusa zaidi. Mama yangu mzazi alikuwa na sifuri. Mwaka mzima, sifuri! Mama hulipa ya mwezi mzima mara moja, 2,000 au 2,500. Kisanduku chenye malipo mamoja hakina koma ya kutenganisha, kwa hivyo Excel ilikihifadhi kama nambari, si kama maandishi. Amri ya kukata maandishi katika pandas ikikutana na nambari haipigi kelele. Inarudisha pengo, na jumla inaruka mapengo. Nikaongeza amri ya kugeuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, na mama akarudi kuwa mwanachama mwema:

jedwali["Malipo"].astype(str).str.split(",")

Sasa angalieni hapo nilipofika. Nilikuwa nimekamata makosa mawili, na yote mawili yalikuwa ya aina ya data. Badala ya kuniogopesha, yalinipa kiburi. Nilijiambia kwamba nimeshaisafisha safu hii. Programu ikaenda hadi mwisho bila kulalamika. Ikatoa jumla: 576,048. Ikatoa wenye madeni: akina mama watano. Juu kabisa alikuwa Mama Mahamri (hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita), aliyetakiwa 26,000 na ambaye, kwa hesabu yangu, alikuwa amelipa 6,020.

Nikatuma orodha kwa shangazi. Nikalala.

Tarehe 6 Januari 2024 mkutano ukafanyika. Sikuwepo; nasimulia alivyonieleza mama. Majina yalisomwa kwa sauti, kama ilivyo desturi. Mama Mahamri alikuwa ameomba mkopo wa 30,000 kwa sababu kijana wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwezi huo. Aliposikia kwamba anadaiwa 19,980, alisimama, akasema neno moja tu: "Nimelipa." Mtu akamjibu kwamba kompyuta haina upendeleo. Akakaa. Mkopo ukakataliwa.

Jioni ile shangazi akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sikiliza mwanangu. Benki ina pesa nyingi kuliko karatasi yako."

Nikamuuliza zimezidi ngapi. Akasema 47,952. Nikaanza kumpa maelezo ya kisomi: labda ni riba, labda kuna marejesho ya mikopo yaliyochanganyika, labda daftari halijalingana. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema jambo ambalo nimelibandika juu ya meza yangu ya kazi: "Pesa huweza kupungua zenyewe, hilo nimeliona. Sijawahi kuona zikiongezeka zenyewe. Rudi kwenye karatasi yako."

Nilirudi shingo upande. Nikafungua matokeo ya wale watano na kuanza kuyatazama upya, mara hii si jumla kubwa bali kila mmoja na lake. Mapungufu yao yalikuwa haya: 19,980, 11,988, 7,992, 4,995, 2,997.

Zitazameni hizo nambari. Katika chama ambacho kila senti inayoingia ni 500 au mafungu yake, upungufu wa 2,997 unatoka wapi? Na zile 6,020 za Mama Mahamri: hizo shilingi ishirini zilitoka wapi? Hakuna mtu anayetuma shilingi ishirini kwenye chama. Nikagawanya 2,997 kwa 3, nikapata 999. Nikagawanya 4,995 kwa 5: 999. Zote zikagawanyika kwa 999. Ile 47,952 ya shangazi nayo ni 999 mara 48.

Hapo ndipo jasho lilinitoka.

Wale watano wote hulipa kwa M-Pesa. Ujumbe wa M-Pesa huandika kiasi kikiwa na koma ya maelfu na senti mbili nyuma: 1,500.00. Shangazi humtumia binamu yangu ule ujumbe, naye hunakili kiasi jinsi kilivyo. Kwa hivyo kisanduku cha Mama Mahamri cha mwezi wa Machi kilikuwa hivi:

1,500.00, 1,000.00

Hapo kuna koma tatu. Moja ni ya kutenganisha malipo. Mbili ni sehemu ya nambari. Programu yangu haikujua tofauti, ilikata zote. Ikapata orodha ya vipande vinne: 1, kisha 500.00, kisha 1, kisha 000.00. Badala ya 2,500, ikahesabu 502. Kila elfu iligeuka kuwa shilingi moja, na kila mara zikapotea 999.

Mwaka huo Mama Mahamri alilipa mara 20: mara 12 alituma 1,500 na mara 8 alituma 1,000. Miezi miwili hakuwa na kitu, ile kumi iliyobaki alituma mara mbili mbili. Jumla 26,000 kamili, kama alivyosema. Zile shilingi ishirini zilikuwa ni elfu zake ishirini, moja moja, baada ya kupita mikononi mwangu.

Na mwone ukali wa jambo lenyewe: hakuna kipande hata kimoja kilichoshindwa kugeuka nambari. 1 ni nambari halali. 500.00 ni nambari halali. Hata 000.00 ni nambari, ni sifuri. Programu haikuwa na sababu ya kulalamika. Mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi.

Hebu tukae kidogo kwenye somo lenyewe, maana najua wengi wenu mnafanya kazi hizi maofisini.

Ukiwa na safu ya kawaida, swali la aina ya data ni moja: hii ni nambari, maandishi, au tarehe? Ukiwa na safu ya orodha, maswali ni mawili. Kwanza, je, hiki kisanduku kweli ni orodha, au ni maandishi yanayofanana na orodha? Pili, orodha ya nini? Zana nyingi hukujibu la kwanza tu, tena nusunusu. Pandas ikiulizwa kuhusu safu yenye orodha husema ni object, yaani "kitu". Asante sana. Power Query ya Excel itakuonyesha neno List, lakini kilichomo ndani kila kimoja kina aina yake: nambari inaweza kukaa karibu na maandishi, na maandishi karibu na pengo. Ni kama gunia sokoni. Limeandikwa mchele kwa nje, lakini maandishi hayo hayajawahi kuzuia mawe kuwemo.

Zamani niliichukia Power Query kwa kelele zake. Ukiwa na orodha ya nambari na ukataka kuiunganisha kwa Text.Combine, inakataa katakata, inasema haiwezi kugeuza 1 kuwa maandishi, na inabidi uigeuze wewe mwenyewe, kipande kwa kipande. Nilikuwa naona ni usumbufu. Sasa naona ni adabu. Zana inayokataa inakulazimisha useme ulichokusudia.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyo hiyo. Ukihifadhi jedwali lenye safu ya orodha kwenye faili la CSV na kulisoma tena kesho, orodha zako hazirudi. Zinarudi maandishi. Orodha ya Python yenye vipande viwili, '500' na '1500', itarudi ikiwa na urefu wa 15, kwa sababu sasa unahesabu herufi, mabano na alama za nukuu. Kwa macho ni ile ile.

Tusidhani ni sisi wa vyama tu tunaoponzwa. Wanasayansi wa jeni waliteseka miaka mingi kwa sababu Excel iliyageuza majina kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulikuta kwamba karibu moja kati ya makala tano zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka wa 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua bora ibadilishe majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Fikirini, ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha jina la jeni kuliko kubadilisha tabia ya lahajedwali.

Marekebisho yangu yalikuwa mistari mitatu:

vipande = jedwali["Malipo"].dropna().astype(str).str.split(r",\s+", regex=True).explode()
kiasi = vipande.str.replace(",", "").astype(float)
assert (kiasi % 500 == 0).all()

Mstari wa kwanza unakata tu pale penye koma ikifuatwa na nafasi, halafu unaifungua orodha ili kila malipo yapate mstari wake, kama Codd alivyotaka. Amri hiyo ya explode iliingia pandas mwaka wa 2019. Kabla ya hapo tulikuwa tunahangaika. Mstari wa pili unaondoa koma za maelfu na kugeuza kila kipande kuwa nambari.

Wa tatu ndio ninaoujutia. Unasema: kila malipo lazima yagawanyike kwa 500, la sivyo simama. Hauhitaji elimu yoyote ya tarakilishi. Unahitaji kukijua chama. Ungekuwepo Desemba, programu ingesimama kwenye ile 1 ya kwanza kabisa na Mama Mahamri asingesomwa. Aina ya data ya safu ile haikuwa nambari tu. Ilikuwa "michango ya akina mama wa Voi", na michango hiyo ina sura yake. Shangazi anaijua sura hiyo bila kufikiri. Mimi nilikuwa na shahada, lakini sikumuuliza.

Kuna kisanduku kimoja ambacho hata programu mpya isingekiokoa: kile cha Januari, 500,500,500,500. Hapo habari ilishapotea siku ya kuandikwa. Hakuna akili ya mashine inayoweza kujua kwa hakika kama hiyo ni malipo manne au utajiri wa ghafla. Dawa yake iko kwa mwandikaji. Sasa binamu yangu anaandika malipo mamoja kwa kila mstari, na faili limekuwa refu, na hakuna anayelalamika.

Wiki ile ile nilituma hesabu mpya. Jumla: 624,000, sawasawa na daftari la shangazi, ambalo lilikuwa na jibu sahihi tangu Desemba. Jumamosi ya tarehe 13 majina ya wale watano yalisomwa tena, mara hii kwa kuombwa radhi, na mkopo ukapitishwa.

Lakini kati ya Jumamosi na Jumamosi kuna siku saba, na ada haingoji. Mama Mahamri alikuwa ameshauza mbuzi wake wawili, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Nilipanda treni nikaenda Voi. Nilimkuta steji, akigeuza mahamri kwenye mafuta. Nikamwamkia, nikamweleza ni mimi niliyeandika ile programu, na nikajaribu kufafanua habari za koma. Alinisikiliza huku akiendelea na kazi.

"Kwa hivyo hiyo mashine ilidhani elfu moja mia tano ni pesa mbili tofauti?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaona nimelipa shilingi moja. Hukushangaa?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sikuiona ile shilingi moja. Niliona jumla tu. Sikuwahi kufungua orodha yake hata mara moja nikatazama kilichomo ndani.

Nilimpa pesa za kufidia mbuzi. Alizikataa mara mbili, ya tatu akapokea, akanifungia mahamri sita kwenye gazeti na hakutaka nilipe. Kijana yuko shuleni.

Basi wapenzi wasomaji, siku ukikutana na safu yenye vitu vingi kwenye kisanduku kimoja, kabla hujajumlisha, chukua mistari mitano uifungue uitazame kwa macho yako. Ujiulize ni orodha ya nini. Halafu mtafute mwenye daftari umuulize jumla aliyonayo. Zisipolingana, usianze na maelezo ya kisomi kama mimi.

Kama na wewe umewahi kuponzwa na koma, niandikie hapo chini, tufarijiane. Panapo majaliwa tutaonana wiki ijayo.